Mkeka Ukishakunjwa

Logan, Queensland
Jumamosi, baada ya mvua

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Natumaini magoti yako hayakusumbui sana msimu huu na kwamba yule jogoo mkorofi bado anakuamsha kwa ajili ya sala. Sisi huku hatujambo. Baba anaendelea na kazi yake ghalani, Mama anaimba kwaya, na Mose amekuwa mrefu kuliko adabu zake. Barua hii anaileta shangazi Lagi pamoja na nyama za kopo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu Baba huwa pembeni yangu, na wewe unanijua, mdomo wangu hufunguka vizuri nikiwa na kalamu.

Unakumbuka ajali ya mwaka jana. Tavita alikuwa anatupeleka nyumbani kutoka mazoezi ya kwaya, naye alikuwa ametoka zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama bila kulala. Usingizi ukamchukua kwenye usukani, gari likagonga nguzo ya taa upande niliokaa mimi. Alfajiri moja nikiwa bado hospitali, ukoo wote wa Tavita ukaja kukaa kwenye majani mbele ya nyumba yetu. Mama yake, Salafai, alikuwa katikati, amejifunika mkeka wa heshima kichwa mpaka miguu, kuomba msamaha kwa desturi yetu. Mose anasema jirani yetu mzee Colin alitoka na kikombe cha chai akauliza kama tumefiwa, tena akatahadharisha tusiweke maiti karibu na uzio wake. Baba alikupigia simu, nawe ukamwambia apokee. Akatoka, akaufunua mkeka, akamwinua Salafai, wakalia, wakala pamoja. Nilifurahi, Bibi. Tavita ni mtu mwema, na mimi sina kinyongo naye hata chembe.

Tatizo lilikuja baadaye. Daktari alisema mguu wangu utahitaji kutibiwa mpaka niwe mzee kama wewe. Akatuelekeza kwa wakili, Bi. Whitford, mama mpole anayekula biskuti huku akisoma. Yeye akaeleza kwamba kila gari huku lina bima, na bima hiyo ndiyo inayopaswa kulipa, si matibabu yaliyopita tu, bali na yale ya miaka yote inayokuja. Ila dai ni moja tu. Likishafungwa halifunguliwi tena, kwa hiyo lazima tuombe yote kwa pamoja, na anataka liingie kabla ya Pasaka.

Baba akasimama, akamshukuru, akasema hatudai. Wakili alidhani hakuelewa, akarudia kwamba Tavita hatatoa hata senti moja. Baba akauliza kama jina la Tavita litaandikwa kwenye dai. Akaambiwa ndiyo, kama dereva mwenye kosa. Basi, akasema Baba, huko ni kumkalisha mama yake kwenye majani mara ya pili. Mkeka ukishakunjwa haukunjuliwi. Tukarudi nyumbani, redio imezimwa.

Nilisoma kila kitu nilichokipata maktaba kuhusu bima, nikamweleza Baba wakati wa chakula. Akasema nimesoma vizuri, nimpitishie chumvi.

Ndipo nikaamua kwenda kwa Salafai mwenyewe. Mose alicheka mpaka akashika meza. Alisema, “Wewe Bibi Maktaba, hata chipsi unanituma mimi nikuagizie, leo utaongea na wakubwa?” Nilikwenda. Njia nzima kwenye basi nilikariri hotuba, na mlango ulipofunguliwa ikapotea yote. Nikasema tu kwamba Baba hataki kudai bima kwa sababu yake.

Salafai alikuwa anamenya magimbi. Alikitua kisu akaniuliza nani kamwambia baba yangu upuuzi huo. Alisema, “Mwanangu, mimi nilijifunika mkeka kwa ajili ya roho ya Tavita. Sikujifunika ili kampuni ya bima ilale usingizi.” Jumapili alitufuata nyumbani na sufuria ya magimbi. Alimwambia Baba kwamba bima ya gari lile anailipa yeye kila mwaka huku akinung'unika, na siku iliyopata kazi ya kufanya, mtu mzima na mvi zake anaikataza isifanye. Mama aliondoka mezani kwenda kucheka jikoni. Baba alisukuma sahani yake kando. Mwisho akasema aliyemwambia apokee mkeka ni mama yake, yaani wewe, na ni mama yake tu anayeweza kumwambia neno lile linaishia wapi.

Kwa hiyo, Bibi, nakuomba. Lakini huwezi kuamua jambo usilolijua, na hapa lazima nikueleze tulichokuficha. Uliambiwa nimevunjika mguu tu. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Ndiyo maana kwenye simu wananionyesha kuanzia kifuani kwenda juu. Waliogopa moyo wako. Mimi nadhani moyo wako una nguvu kuliko yetu sote.

Usilie sana. Nina mguu wa bandia na natembea mwenyewe mpaka maktaba. Ila bado nakua, utabadilishwa, na baada ya hapo tena na tena maisha yangu yote, na mshahara wa ghalani hautatosha. Bi. Whitford aliniambia nifikirie mahitaji yangu yote. Nilitaja na mguu wa kuingia nao majini. Alisema kampuni itabisha, itauita anasa. Nikamwambia hawajawahi kuona bahari iliyo mbele ya nyumba ya Bibi yangu. Akacheka, akauandika.

Mpigie Baba Jumapili mkishakula. Mwambie ulimruhusu kusamehe, na amesamehe, ila hukumruhusu kuwagawia watu wa bima mguu wangu. Kwako atanyamaza asikilize.

Nisalimie jamaa wote, na jogoo pia. Krismasi nikija, usinishike mkono pale kwenye mawe ya ufukweni. Nitateremka majini mwenyewe.

Ni mimi mjukuu wako akupendaye,
Fuatino