Tulipuliza Filimbi Kumtafuta, Yeye Akazidi Kutukimbia

Mama Kageha,

Pokea salamu zangu, na unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni Nabwire, karani katika ghala la mahindi hapa Eldoret, na ndimi kiongozi wa vijana wa kanisa letu ambao kila Agosti tulikuwa tunashuka bonde la Kerio kwa miguu, Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, sote pamoja, mpaka vita vya uchaguzi vikatutawanya, na mwaka huu wa 2010 nikasema basi, hatuwezi kuogopana milele, lazima turudi, na kweli wakaja, hata Ndungu, Mkikuyu ambaye nyumba yao upande wa Turbo ilichomwa na akakaa kambini na mamake miezi mingi.

Nilitaka safari iwe salama, nikamnunulia kila mtu filimbi ya kuvaa shingoni, nikawaambia akipotea mtu tupulize tupatane, nikajiona nimemaliza kazi. Sasa tukiwa katikati ya mteremko ukungu ukashuka, Ndungu alikuwa nyuma peke yake, akateleza akateguka kifundo cha mguu, na tulipohesabiana tukakuta hayupo, tukaanza kupuliza filimbi sote, Kipngetich akatangulia na panga akifyeka vichaka tumfikie, lakini Ndungu hajibu, tukapuliza zaidi.

Woi, Mama! Kumbe alitusikia tangu mwanzo. Januari ile ya 2008 waliovamia kwao walikuwa wakiitana kwa filimbi, na kila tulipopuliza yeye alijiburuta kwa tumbo kwenda mbali na sisi, mpaka pale ardhi inapokatika. Jelagat, msichana wa Kikalenjin katika kundi letu, ndiye aliyetukemea tunyamaze, akaanza kuimba wimbo wetu wa kwaya na kumwita kwa jina, ndipo Ndungu akaitika akilia, na tulipomfikia miguu yake ilikuwa inaning'inia ukingoni. Alipomwona Kipngetich na lile panga akafunika uso, na Kipngetich, Mkalenjin aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, akalitupa, akakaa chini, akalia pia.

Desemba tumepanga kurudi, na maneno ni mengi. Wengine wanasema filimbi ziachwe nyumbani, wazazi wanataka kila jamii itembee na watu wake, na wengi wanasema Ndungu asije, eti ana mkosi. Yeye mwenyewe alinijia akichechemea akaniambia, "Dada Nabwire, mkiniacha nitakuwa nimefukuzwa mara mbili." Tangu hapo usingizi umenihama. Nifute safari? Nimwache? Na nikimchukua afe mikononi mwangu je?

Nabwire, Eldoret

Nabwire binti yangu,

Pole sana. Sasa keti nikukaripie. Ulinunua filimbi kwa moyo mzuri, lakini hukumuuliza hata mtu mmoja, "Ukisikia sauti hii unawaza nini?" Katika Eldoret ya leo! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe ukamvika huo unyasi shingoni. Halafu kuna kosa lingine ambalo si la vita, ni lako: ulimwacha mtu atembee nyuma peke yake. Mlimani watu huenda wawili wawili, na asiyemwona mwenzake anasimama hapo hapo na kuita.

Safari usiifute, na filimbi msiziache. Sauti ya mtu haifiki mbali kwenye upepo, filimbi inafika, na atakayeanguka kesho anaweza kukosa hata nguvu ya kuita. Kwa hivyo mjifunze upya. Waite wote uwanjani kwa kanisa, mchana, na uwaambie majirani mapema msije mkazua kizaazaa. Mkubaliane hivi: aliyepotea ndiye anayepuliza, mara tatu, anapumzika, anapuliza tena. Wanaomtafuta hawapulizi kabisa. Wanaita jina lake na kuimba. Na wa kwanza kujaribu awe Ndungu, nyinyi mkiwa mmejificha, apulize na muende kwake mkiimba, na mrudie mpaka aizoee sauti hiyo.

Panga likae kwenye ala, ndani ya begi. Njia inayotaka kufyekwa si njia ya matembezi, tafuteni nyingine. Raba zilizoisha soli ni za kwenda sokoni, asishuke nazo mtu. Kila mmoja awe na maji, tochi na koti la mvua, na kikundi kiwe na kamba na bandeji za kufunga kifundo. Mtoke asubuhi. Ukungu ukianza kushuka mgeuke, hata kama mmebakisha hatua chache, bonde halihami.

Na hao wazazi, waambie nimesema hivi: Jelagat si kabila la Ndungu, na ndiye aliyemrudisha kutoka ukingoni. Kila jamii ingetembea kivyake, nani angemwimbia? Eti mkosi! Mtoto wa watu amechomewa nyumba, ameteguka mguu, na bado anataka kutembea na nyinyi. Mngekuwa na haya kidogo.

Daktari auone huo mguu kwanza. Kisha nenda kwao wewe mwenyewe, umchukue na Kipngetich, mkamwambie Ndungu mbele ya mamake kwamba tarehe ataipanga yeye. Akisema Desemba ni mapema, mtangoja Pasaka. Bila yeye hakuna anayeshuka.

Mama Kageha