Tishari Linaelea, Je, Nitoe Mguu?

Mshauri wetu, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumamosi maana nimechoka na hapa Mwanza sina ndugu wa kumweleza, mimi ni mtu wa Ujiji, nimesoma hadi darasa la tatu, nabeba magunia ya mbegu za pamba gatini na nampenda Sada, binti wa nyapara wetu Mzee Jumbe, naye Sada ananipenda, lakini baba yake anataka kwanza nimwonyeshe uanaume, yaani tishari lililosheheni, lile boti bapa la mizigo lisilo na injini, likivutwa kuja gatini nikae ukingoni nilizuie kwa mguu, bila kamba, nami nikakataa kwa sababu juzi debe lilibanwa kati ya tishari na gati likawa chapati. Mzee akanicheka mbele ya watu: "Debe halina mifupa, bwana, wewe unayo! Gunia unalibeba, utashindwaje na kitu kinachoelea? Maji yameshalibeba, uzito umekwisha!" Na kweli, mshauri, asubuhi tishari hilohilo nalisukuma kwa mikono yangu na linakwenda, hapo ndipo akili yangu inapogoma. Sasa wenzangu wananiita Bi Harusi. Nikikataa tena Jumamosi, namkosa Sada. Je, nitoe mguu?

Shaibu, Mirongo, 1958

Marahaba, Shaibu. Usitoe hata kidole.

Pole kwa kejeli, lakini wewe nawe! Debe umeliona kwa macho yako, bado unauliza? Kosa ni letu sote, tunasema "uzito" kwa mambo mawili. La kwanza ni jinsi kitu kinavyokulemea begani, na huo kweli maji yameubeba. La pili ni wingi wa kitu chenyewe, mbao, chuma na shehena yote, na huo haupungui hata kitu kikielea. Ndio unaofanya tishari liwe gumu kuanza kwenda, na likishaanza, liwe gumu kusimama. Asubuhi unalisukuma taratibu, unao muda. Mguu wako hautapewa muda.

Mzee akibisha, ning'inizeni gunia kwenye boriti ya ghala. Kamba imelibeba lote, begani hakuna kitu. Kisha livuteni nyuma, liachieni, na umwambie kwa adabu, "Baba, lipokee kwa tumbo." Utaona atakavyoruka.

Jumamosi nenda na kamba. Ncha moja ikishafungwa kwenye tishari, izungushe mapema kwenye nguzo ya gati, uiachie kidogo kidogo mpaka tishari litulie. Halafu tafuta mtu mzima pale msikitini akusindikize nyumbani kwa mzee. Mke haposwi gatini. Akikataa, bado utakuwa na miguu miwili ya kurudi kuposa tena.