Mwanasesere wa Kadi ya Sista

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mikorosho ya hapo Ruponda imeshapuliziwa dawa? Mimi mwili mzima, ila moyoni sijakaa sawa. Kama umeshaanza kushona zawadi ya mwanangu Neema, weka sindano chini kwanza, mjomba akusomee barua hii mpaka mwisho.

Hapa Uingereza, kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, kuna bibi mmoja wa Kizungu ana albamu ya kadi za posta alizotumiwa siku zake za kuzaliwa, alipokuwa mtoto. Juzi wakati wa chai akatufungulia, mimi na mwenzangu Joyce. Dubu wa manyoya, farasi wa mbao, halafu, mama wee, mwanasesere wetu! Uso mweusi tii, macho yamemtoka, mdomo mwekundu umejaa nusu ya uso. Ndiye yule yule wa kadi aliyokuzawadia Sista pale misheni kwa kushona vizuri, ukaitundika ukutani, ukatushonea sisi watoto wote wanasesere kama yeye kwa kaniki na sufi.

Wangu natembea naye kwenye mkoba, unanijua. Nikamchomoa kwa furaha, nikamwambia Joyce, "Mpelekee binti yako, si Jumamosi anatimiza miaka sita?"

Joyce ni mweusi kama sisi, ila kazaliwa huku. Hakumgusa. Akaniuliza, "Nani kakufundisha kutucheka?" Kumbe huku mwanasesere huyo alitengenezwa kuwadhihaki watu weusi, na shuleni wenzake walimwita Joyce jina lake, wakampaka rangi nyekundu mdomoni. Yule bibi akainama, akasema enzi zao waliona ni mchezo tu, lakini wajukuu wake hawataki hata kuuona ukurasa ule.

Niliona aibu, kisha nikawaka. Nikamkasirikia Sista, yeye aliyetuosha vidonda bila kinyaa. Hata wewe nilikukasirikia, mama, nisamehe. Wewe uliona mtoto mweusi kwenye kadi kwa mara ya kwanza, ukampenda. Kosa lako liko wapi? Lakini Joyce hanisalimii tena, na huku sina rafiki mwingine.

Mwanasesere wangu nimemfumua ule mdomo. Nikajaribu kumshonea mwingine, nikashindwa. Kila nikianza unatoka ule ule, maana ndio niliojifunza kwako. Nililia, mama.

Kadi ni yako, usiichane, ila naomba uitoe ukutani. Na mwanasesere wa Neema usimshonee mdomo ule. Mkalishe Neema mbele yako, mtazame vizuri, ushone unachokiona. Ukiweza, shona wa pili, nimpelekee Joyce. Akikataa, basi, nitakuwa nimemwomba radhi.

Nisalimie mjomba, msomaji wako. Shangazi wa Malolo mwambie namkumbuka, na ufuta wake utoke salama. Neema mkumbatie, usimweleze haya bado.

Mwanao,
Anastazia

Wangu nimemlaza juu ya mto wa kitanda changu, hana mdomo. Anasubiri picha ya mwanasesere wa Neema, niuige mdomo wake.