Tyuna ya Sada

Alhamisi, 3 Julai
Mazoezi kama kawaida, kwenye stoo ya mchele ya Bosi Shabani, hapa Kahama. Vumbi la pumba hadi kwenye nyuzi. Mimi rizimu, mume wangu Mihayo solo, Sada besi. Sada ndiye mgeni, ametoka pwani juzijuzi. Bosi, mwenye vyombo, alimleta mwenyewe.

Ana kidude anakiita tyuna. Kinabana kichwani mwa gitaa kama kibanio cha nguo. Ukipiga uzi, inatokea herufi ya sauti yake, A au E. Uzi ukikaa sawa, kioo kinageuka kijani. Basi.

Tangu tuoane Mihayo amekuwa akiniambia, "Mama Limi, nipe A." Namgongea uzi, anafumba macho, anakaza wa kwake mpaka sauti zinakutana. Leo hakuniomba. Alimsogezea Sada gitaa. Wakainamia kile kioo pamoja, kichwa kwa kichwa. Mume wangu anakichekea kioo.

Nina wivu. Nauandika kwa jina lake ili nisijidanganye.

Jumamosi, 5 Julai
Nimenunua tyuna ya kwangu. Muuza vifaa vya simu alikuwa nazo mbili. Moja nyeusi, nzito, mdomo wake una mpira. Nyingine ina taa za rangi nyingi.

"Dada, chukua hii nyeusi," alisema. "Hii inasikia mti wa gitaa wenyewe unavyotetemeka. Hiyo ya taa inasikia hewani, kama simu."

Sikumsikiliza. Ya Sada ni nyeusi. Nilitaka inayong'aa kuliko ya Sada.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Tumepiga Mwakitolyo, kwenye baa ya wachimbaji. Ng'ambo ya uzio kuna karasha inasaga mawe ya dhahabu, haikunyamaza hata kidogo. Tyuna yangu ilichanganyikiwa. Napiga E, inaandika B. Sijapiga chochote, inaandika G. Taa zinawaka kama duka la sikukuu. Wachimbaji wananitazama.

Ya Sada imetulia tuli. Imekamata mti, karasha haiihusu.

Akaja. "Shikamoo, Mama Limi. Hiyo yako inasikia hewa. Tumia yangu." Akaibana mwenyewe kwenye gitaa langu. "Ukipitiliza, rudi chini kwanza halafu upande taratibu. Uzi hautalegea."

Gitaa langu halijawahi kulia safi vile. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mihayo akaniambia, "Umeona?"

Nimeona. Na shikamoo zake zinanizeesha mbele ya watu.

Jumatano, 9 Julai
Mihayo anapiga mluzi tangu asubuhi. Alipokwenda kuoga nimefungua simu yake. Meseji za Sada zipo. "Kaka, besi ya wimbo wa pili ianze baada yako au pamoja?" Nyingine kuhusu nauli ya kwenda kwenye kazi. Basi.

Nilitamani nikute kitu. Ningekuwa na haki.

Ijumaa, 11 Julai
Mazoezi ya mwisho kabla ya harusi ya kesho. Baba Neema, mpiga kinanda, hakuja. Atatukuta ukumbini.

Sada alizunguka na tyuna yake, gitaa hadi gitaa. Ilipofika kwangu nikaona. Pembeni mwa kioo kuna namba ndogo. Siku zote ni 440. Leo 432. Kitufe kimebonyea ndani ya mkoba wake, bila shaka. Na yangu ina kitufe kama hicho, nimesoma karatasi yake mara nyingi kwa hasira. Namba ikishuka, nyuzi zote zinashuka pamoja. Magitaa matupu yatasikilizana vizuri tu, hakuna atakayejua. Lakini kinanda hakishuki.

Nilifungua mdomo niseme. Wakati huohuo Mihayo akamwambia Sada, "Bila wewe tungekuwa bado tunabahatisha."

Nikaufunga.

Jumamosi, 12 Julai
Harusi. Bosi alituharakisha, hakuna aliyejaribu vyombo. Bibi harusi akasimama mlangoni, watu wakanyanyuka, tukaanza.

Baba Neema akaweka vidole. Kilichotoka kilikuwa kama maziwa yaliyokatika. Mwimbaji akawa anatafuta amfuate nani, kinanda au magitaa, akawapoteza wote. Mama mmoja wa meza ya mbele alijiziba sikio kwa kitenge. Bibi harusi akapunguza mwendo, akamwangalia mama yake. Baba Neema akazima kinanda. Tukaendelea na magitaa peke yake, ukumbi umepoa, mpaka mwisho.

Nyuma ya ukumbi Bosi aliuliza, "Nani aliyetyuni?"

Wote tukamtazama Sada.

"Mimi, bosi."

"Jumatatu panda basi urudi kwenu."

Aligeuzageuza tyuna yake mkononi. Hakuelewa. Mimi nilikuwa nimebeba spika, nikaendelea kuibeba.

Nilifurahi. Sitaandika vinginevyo. Nilifurahi njia nzima.

Jumapili, 13 Julai
Mihayo hakugusa chai. Anasema wazazi wa Sada hawakutaka apige muziki, akirudi na aibu hii gitaa ndiyo basi. Alisema akiangalia ukuta.

Nikamwambia. "Niliona namba Ijumaa."

"Namba gani?"

Nikamweleza yote. Kioo, kitufe, kinanda.

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka uniombe A."

"Mama Limi, mimi nilikuoa kwa ajili ya A?"

Akavaa viatu, akatoka. Sijui alikokwenda. Limi aliuliza baba yuko wapi, nikamfokea mtoto wa watu bure.

Jumatatu, 14 Julai
Nilimwahi Sada chumbani kwake kabla hajaondoka. Mabegi yamefungwa, besi imevingirishwa kwenye shuka. Nilimwomba tyuna, nikashika kitufe mpaka 440 ikarudi. Nikamwonyesha.

Alielewa palepale.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa."

Nilisubiri matusi. Ningeyapokea. Akasema tu, "Mimi nilikuwa nakuheshimu kuliko wote pale." Halafu akakaa juu ya begi, kanipa mgongo.

Nikamwambia twende kwa Bosi. Alikataa. Nikasimama mlangoni mpaka akainuka. Njiani alitembea upande wa pili wa barabara.

Kwa Bosi niliongea mwenyewe, wapakia magunia wakisikia. Bosi hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Sada, fungua mabegi. Mama Limi, wewe kapumzike nyumbani mpaka nikuite."

Mihayo alikuwepo. Hakunitetea. Simlaumu. Inauma vilevile.

Jumamosi, 19 Julai
Wamekwenda kupiga muziki Buseresere. Bila rizimu. Nimefua, nimepika, nimefua tena shuka ambayo haikuwa chafu. Saa hizi wanakaza nyuzi. Najua nani anamtyunia nani.

Jumatano, 23 Julai
Mihayo ameanza kuongea nami. Chumvi, ada ya Limi, bati linalovuja. Mambo ya gitaa hagusi. Nami sigusi.

Nilirudi kwa yule muuza vifaa nikachukua ile nyeusi. Inashika vizuri. Nimeijaribu uani huku mashine ya kukoboa inanguruma, haikuyumba. Niliacha kutazama taa, nikatazama sindano inayocheza kwenye kioo tu. Ni kitu kizuri. Sina pa kukitumia.

Jumapili, 27 Julai
Mihayo na Limi wamekwenda shambani kwa mama yake, kuanika mpunga. Nimebaki peke yangu, nimeinjika michembe.

Sada amekuja. Nikamwambia Mihayo hayupo. Akasema anajua. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka jikoni. Viatu ni vipya, vyekundu, na nilipoviona tu ule wivu ukanyanyua kichwa. Haujaisha. Pengine hautaisha.

Aliuliza michembe ni nini, kwao hajaila. Nikamweleza: viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, vinachemshwa, vinaliwa na karanga. Akala. Bosi hajaniita bado, Sada hakunidanganya kwamba ataniita. Tuliongea kuhusu upepo wa Julai, na jinsi midomo inavyokauka.

Sahani yake ikaisha. Nikamwongezea. Akapokea kwa mikono miwili.