Herufi Nene za Baba

Ighil Uzemmur, 14 Desemba

Kaka yangu mpendwa Mokrane,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini baridi ya Montreal haijakushinda na kile kifua chako kimetulia. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi, lakini hajaacha kuokota zeituni hata siku moja, na mtu akimwambia apumzike anamuuliza kama yeye ndiye atakayezikamua. Mbuzi amezaa pacha. Upepo umeangusha ule mtini wa nyuma. Watu bado wanakuja kutupa pole, na kila anayeingia anakuulizia.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu inanipa nafasi ya kukimbia. Nikikwama nasema mtandao mbovu. Safari hii sitaki kukimbia.

Unakijua kitabu cha Baba, zile nyimbo za harusi na za kusaga alizozikusanya kutoka kinywani mwa Mama miaka yote, akiziandika kwenye ile kompyuta yake ya Linux ambayo alitukataza sote kuigusa. Siku tatu baada ya kumzika Baba, Mama aliniambia anataka kitabu hicho kigawiwe siku ya arobaini, tarehe mosi Januari, kila nyumba ipate nakala yake pamoja na sahani ya kuskusi. Nikamwambia kitakuwa tayari. Sikujua naahidi nini.

Nilimpelekea kurasa za mwanzo Belaid, mpiga chapa wa mjini. Akavaa miwani, akaivua, akaniuliza kama printa yangu ina mafua. Na kweli zilitia aibu. Karibu kila neno lilikuwa na herufi nene iliyoinama upande na kupanda juu ya mstari, kama iliyokatwa kwenye gazeti jingine ikabandikwa. Zilikuwa mbili tu, zilezile kila mahali: zile za sauti za kooni za lugha yetu. Belaid akasema hachapi uchafu ule kwa jina la Baba, mwalimu aliyemfundisha hesabu, na nisirudi mpaka nizisafishe.

Basi nikakaa. Unanijua nikishika jambo. Kila siku nikitoka zahanati nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Baba. Nikabadilisha fonti, nikabadilisha tena, nikafika fonti ya kumi na moja. Nikaingia kwenye mipangilio ya skrini, nikawasha kile kinacholainisha kingo za herufi. Maandishi yote yakapendeza, zile mbili zikabaki na unene wao. Nikaiondoa programu ya kuandikia, nikaiweka upya. Nikaomba msaada mtandaoni kwa watu wa Linux, mmoja akanishauri ninunue kompyuta nyingine, nami nikamjibu maneno ambayo Mama asingeyapenda. Mama mwenyewe alipita na kapu lake, akasimama nyuma yangu akiitazama skrini, akasema, "Wewe unambadilisha mgonjwa nguo tu. Hujamuuliza anaumwa wapi." Nikaona ni maneno ya kupita tu, sikuyajali.

Siku ya sita niliyakumbuka. Nikaichagua herufi moja peke yake na kuiuliza programu jina lake. Ikanijibu kwamba ni ya Kigiriki. Nilicheka mpaka machozi. Baba alianza kazi ile wakati mashine hazina herufi zetu, na kama wenzake wengi walioandika lugha yetu hapa Kabylia siku zile, aliazima za Wagiriki zinazofanana nazo. Fonti nilizokuwa nikiweka hazikuwa nazo, kwa hiyo kompyuta ilikwenda kuzitafuta kwingine kimyakimya na kuzichomeka. Nilikuwa nahangaika na skrini siku zote hizo, kumbe skrini haikuwa na kosa.

Nikahifadhi nakala moja ya Baba kama ilivyo, maana sikuweza kuifuta alama ya mkono wake yote. Kisha nikatoa amri ya kubadilisha. Kufumba na kufumbua kazi ikaisha. Lakini mashine ikaniambia kwamba herufi ya mwisho iliyobadilishwa iko ukurasa wa themanini na nane, na kitabu kina kurasa mia moja thelathini na moja. Nikapekua. Kuanzia ukurasa wa themanini na tisa hapakuwa na herufi ya Kigiriki hata moja. Zote zilikuwa herufi zetu halisi, safi tangu mwanzo.

Kaka, Baba aliandika tarehe juu ya kila wimbo. Ukurasa wa themanini na tisa ni wa Machi, miaka mitatu iliyopita. Kiharusi kilikuwa kimempiga Februari. Machi hiyo mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko.

Nikamfuata Mama uani, alikuwa akichambua majani kwenye zeituni. Nikamuuliza ni nani aliyeandika. Hakuinua hata uso. Akaniuliza kama nadhani zilijiandika zenyewe. Akasema Baba alibaki na kichwa bila mkono, na yeye mikono anayo miwili. Baba alikwisha kuiweka kibodi yenye herufi zetu, akamfundisha kidogo kidogo kila asubuhi nikiwa kazini. Walinificha kwa sababu Mama aliona haya, aliogopa nitamcheka kwa kuanza alifu na meno hana.

Ningepaswa kumkumbatia. Badala yake nikakaa chini, kwa sababu nilikumbuka barua zako: kumbe Mama anajua kusoma.

Sasa nakuambia. Ile barua uliyotuandikia sote mwaka mmoja baada ya kiharusi ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza niliwasomea: theluji, kazi yako, jirani yako mwenye paka. Ya pili, ile uliyomwomba Baba radhi kwa namna ulivyoondoka, ukauliza kama atakubali urudi umwone, sikuisoma. Niliirudisha ndani ya bahasha. Kisha nikakujibu kwamba Baba amesema mambo yabaki yalivyo. Baba hakusema hivyo. Baba hakuulizwa kabisa.

Nilikuwa na hasira, Mokrane. Niliona kwamba utakuja wiki mbili, utachinjiwa kondoo, watu watalia kwa furaha, halafu utapanda ndege uniachie mimi shuka za kufua. Sikutaka upewe kwa siku kumi na nne kile nilichokitumikia mwaka mzima bila kuambiwa asante. Nilijiambia nitakuandikia ukweli mwezi ujao. Miezi ikawa miaka, Baba akafa. Nilipokupa habari kwa simu nilijua unachokifikiria, na bado sikusema.

Mama alilifungua kopo ninamoweka barua zako wiki ya maziko, akazisoma zote mwenyewe. Wiki tatu ameketi na jambo hili akinitazama. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Kaa uandike. Na bahasha usiifunge mpaka niisome."

Sikuombi unisamehe leo. Makosa ya Baba niliyasahihisha kwa amri moja, hili langu sina cha kulifanya ila kukiri, na nitalikiri mbele ya yeyote utakayemtaka. Belaid amezikubali kurasa, na kitabu kitakuwa tayari. Jalada litakuwa na majina mawili, la Baba na la Mama.

Nisalimie wote wanaokutunza huko. Wasalimie hata wale wasionijua.

Ni mimi dada yako,
Wardia

*

Mokrane mwanangu. Nimeisoma yote, ni kweli tupu. Hajakuambia kwamba alilia tangu adhuhuri na zeituni nikazichambua peke yangu. Baba yako alikuwa akitazama mlango kila alasiri. Nilidhani anatazama mvua. Arobaini ni tarehe mosi. Njoo na viatu vya matope, mti wa chini kabisa bado haujaokotwa. Mama.