Sindano ya Joyline

Baba Joyline,

Hakuna mama hapa Majimbo ananishinda kuchoma mbuzi. Nyama ya harusi ya Joyline ilitoka damu, lakini wageni walikuwa na adabu.

Nimeenda kuomba viti kanisani. Geuza paja saa tano. ~~Onja kidogo.~~ Usionje. Wakwe wakifika, ni mimi nitasema nyama imeiva, si hiyo sindano ya kupima joto Joyline alituletea.

Jana tuliicheka pamoja, ukasema nikibonyeza nyama na kidole inatosha. Asubuhi nikakupata umeinamia jiko langu. Ukaapa unanusa tu. Miaka arobaini nakupikia, mzee, nikakuamini.

Kabla sijatoka nimegeuza paja. Lina matundu matatu. Tangu lini pua yako inatoboa nyama?

Mkeo,
Mama Joyline