Rangi ya Kila Siku

Butembo, tarehe 20 Oktoba 2002

Mdogo wangu Joyeuse,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi tuko wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo tangu mvua ianze yanataka kuheshimiwa kama askofu. Watoto hawajambo? Mama mkwe wako, mama Kahongya, kifua chake kinaendeleaje? Na bwana wako Paulin, amerudi kutoka Mambasa, au bado anasukuma baiskeli yake na chumvi za watu?

Syauswa, dereva wa lori la Fuso, atakupa mfuko wa bluu. Usiufungue mbele ya majirani. Mizigo yangu ya Dubai imefika mwishowe, baada ya kukaa njiani mpaka nikasahau niliagiza nini. Kuna sabuni za maji za kuogea, za kila rangi, na kisanduku cha rangi za macho. Maandishi yote ni Kiarabu na Kichina. Mimi na Kiarabu wapi na wapi? Kwenye chupa moja kuna picha ya mwanamke anacheka chini ya maji yanayotoka ukutani. Nikasema, huyu hajawahi kubeba bidoni ya maji.

Unajua kwa nini nakusumbua. Nikijaribu hapa Butembo, kila kitu ni kizuri. Baridi yetu haitoi jasho, rangi inakaa kwenye jicho mpaka mtu aichoke. Beni ndiko kitu kinaonyesha tabia yake. Wateja wangu wa Beni wakinunua kibaya wanapanda gari kuja kunigombeza hapa hapa dukani, kwenye butike yangu, mbele ya watu.

Basi oga nazo moja moja, usizichanganye. Na zile rangi, nataka kujua ni ipi mwanamke anaweza kuipaka akaenda sokoni, akaenda misa, akarudi, na watu wasimgeukie. Ya harusi ninayo. Natafuta ya kila siku. Uniandikie ukweli, si heshima.

Dada yako mkubwa,
Yaya Berthe


Beni-Bungulu, tarehe 2 Novemba 2002

Yaya wangu mpendwa,

Nakusalimu na kuyasalimu magoti yako. Watoto wako wazima. Mama mkwe anakohoa usiku lakini mchana ana nguvu za kunichunga. Mimi mwenyewe ni mzima, ila nimechoka, yaya, na sijui nimechoka na nini, kwa sababu kazi ni ile ile.

Paulin hajarudi. Aliondoka na chumvi na vitenge, akasema atarudi na mafuta ya mawese kabla maharagwe hayajachanua. Maharagwe yamechanua. Watu wanaotoka upande ule wanasema njia imefungwa na vita, na kila mmoja ana hadithi yake. Nimeacha kuwauliza, maana nikiuliza wananihurumia kwanza kabla ya kujibu.

Sasa kazi yako. Sabuni ya kijani ni nzuri, harufu yake kama limau, lakini inakula maji. Povu haliishi. Unajimwagia, bado unateleza, unajimwagia tena, na chemchemi iko kule chini ya kilima. Waambie wateja watie tone dogo kwenye kitambaa chenye maji, wasiimimine mkononi kama yule wa picha. Ya waridi inawasha shingoni. Usiiuze kwa mtu mwenye mtoto mchanga. Ile nyeupe ya chupa ndefu sikuielewa. Haitoi povu hata kidogo. Nilijisugua nayo mwili mzima, nikatoka nimelainika kama samaki, hata kata ya maji iliniponyoka. Siku nzima nguo zilinigandama.

Rangi za macho bado, isipokuwa ile kahawia. Paulin aliwahi kuniambia, siku moja nilipojipaka rangi yako ya zamani, kwamba kahawia inanifaa kuliko zote kwa sababu haifanyi kelele. Basi nimeanza na hiyo. Mama mkwe aliponiona akaweka kikombe chini: "Weye, unapaka macho juu ya nani? Bwana yako iko mu pori, na weye unajipamba!" Nikamwambia ni kazi ya yaya. Akasema, "Kazi gani ya kupakala mutu uso?" Mtu ukichoka, hata jibu ni mzigo.

Mdogo wako,
Joyeuse


Butembo, tarehe 11 Novemba 2002

Joyeuse mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta na afya. Huku ni ukungu na madeni ya wengine, ndiyo hali yetu ya siku zote.

Nimecheka mpaka nikaketi. Ile chupa ndefu nyeupe, nimemuuliza mzee mmoja anayesoma Kiarabu hapa karibu na msikiti. Ni ya nywele! Mtu anaipaka baada ya kuosha kichwa, kisha anaisuuza. Na wewe umejipaka mwili mzima, maskini. Nisamehe. Walakini umeniokoa, maana nilikuwa nimekwisha kuiweka upande wa sabuni.

Kuhusu mama Kahongya, usimkasirikie. Mama ambaye mwanawe yuko njiani huwa anagombana na kilicho karibu. Mpe sabuni ya kijani naye aoge. Harufu ya limau ni nzuri kwa kifua.

Endelea na rangi. Kila ninapoona gari la Beni linaingia namuuliza Syauswa kama amesikia jambo la Mambasa. Hajasikia. Sasa hivi anabeba mizigo mpaka Mangina, njia ya kwenda Mambasa, nimemwomba aulize na huko.

Yaya wako,
Berthe


Beni-Bungulu, tarehe 1 Desemba 2002

Yaya Berthe,

Amani iwe kwako. Sisi tunapumua. Watoto wanauliza baba yao kila tunapokula, basi siku hizi nawalisha mapema wakiwa na usingizi.

Mji umejaa watu. Wakimbizi wa Mambasa wanalala shuleni na kanisani, wengine kwenye baraza za watu. Naenda huko kila asubuhi na sufuria ya uji na kuwaonyesha picha ya ndoa yetu. Mmoja anasema alimwona Paulin akiwa mzima, mwingine anasema picha haionyeshi vizuri. Ninarudi kama nilivyoenda.

Bluu inatoka na jasho kabla ya saa sita na kuingia kwenye mikunjo ya jicho, utafikiri nimepigwa. Zambarau ni nzuri lakini inamtangaza mtu. Ya fedha, waachie waimbaji. Kijani kibichi kinafaa kama mtu ni mweusi sana na hana haya. Kahawia inabaki mpaka jioni, hata mvuke wa uji ukinipiga usoni. Andika kahawia. Ndiyo ya kila siku.

Sasa nikuambie linaloniuma. Kamate, kaka mkubwa wa Paulin, alikuja Jumapili akaketi mbele ya mama yake akasema: "Mutu iko mu pori hii muda yote, lakini tunangojea nini? Tumukalie matanga, tumalize. Muke wake ananyolewa kichwa, anakala chini, anaoga na sabuni ya kipande kama bajane bote. Ule kujipamba kwake ni haya kwa famille." Yaya, mama mkwe hakusema ndiyo, lakini hakumfukuza.

Nikimkalia matanga mtu aliye hai, akirudi atakuta mkewe ni mjane. Nani atamwambia aingie ndani? Nilimjibu Kamate kwamba mimi sina habari ya kifo, nina kazi ya dada yangu, na kesho yake nikapaka tena. Sasa sipaki tena kwa ajili ya butike yako. Napaka ili wajue hawajanifanya mjane.

Unakumbuka jinsi tulivyoambiwa kifo cha baba? Mjomba Apollinaire alitoka mbali akaja mwenyewe. Akatukalisha, akatulazimisha kumaliza sahani ya bugali na nyama, huku tukishangaa ukarimu umetoka wapi. Tuliposhiba ndipo akasema. Kwetu kifo hakiandikwi. Kinaletwa na mtu, na mtu anakulisha kwanza. Kwa hiyo kila mara Syauswa anaponipa karatasi yako na kuondoka, nashukuru Mungu. Karatasi maana yake bado.

Mdogo wako,
Joyeuse


Butembo, tarehe 15 Desemba 2002

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na poleni na wageni. Ninatuma nguo za watoto kwa wale wanaolala shuleni, na unga.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Paka, Joyeuse. Kamate akisema tena, mwambie aje Butembo aniambie mimi, nitamuuzia ile sabuni ya waridi.

Nimeweka kikopo kingine cha kahawia, na kingine cha rangi ya udongo wa tofali. Kijaribu. Hapa kahawia inatoka haraka, wanawake wa soko wameipenda. Nawaambia imechunguzwa Beni, na wananiamini.

Yaya wako anayekuwaza,
Berthe


Beni-Bungulu, tarehe 6 Januari 2003

Yaya,

Mwaka mpya mwema, kama mwaka unaweza kusikia. Tulikula Noeli na watu wa Mambasa uani, kuku mmoja kwa vinywa vingi. Watoto ni wazima. Nguo zako zimewafaa wengi, wanakuombea.

Rangi ya udongo wa tofali haifai. Kwenye vumbi la kiangazi haionekani, mtu anadhani hukunawa.

Kuna jambo lilitokea wiki iliyopita. Niliamka nimeishiwa. Sikulia, sikuumwa, nilichoka tu kwa mifupa. Niliacha kuoga, nikafunga kitambaa, nikatoka kuwasha moto na uso wangu mtupu. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Aliponitazama ungo ukamwanguka, mchele wote chini. Akanishika mikono: "Juu ya nini leo haukupaka? Bamekuambia nini? Sema! Mutoto yangu amekufa?"

Nikamwambia hapana, mama, nimechoka tu. Hakusadiki. Aliingia ndani mwenyewe, akatoka na kisanduku chako na kioo cha Paulin cha kunyolea. Akaniketisha kwenye kinu kilicholala. Yaya, yule mama aliyenigombeza kwa kujipamba alichovya kidole chake kwenye kahawia akanipaka. Kidole chake ni kigumu kwa jembe, kilinikwaruza. Akapaka mpaka karibu na nyusi, kama mtoto anayechora. Kisha akasema, "Kila asubui unapaka. Kama unapaka, minajua ile mutu iko muzima. Ukiacha, weye ndiye umemuua." Na mimi nikamwambia, wasingya, asante, mama. Tukaokota mchele pamoja.

Kamate alipokuja tena kuzungumzia matanga, ni mama yake aliyemfukuza.

Sasa hivi siwezi kuacha hata nikitaka. Natoka kwenye kibanda cha kuogea, yeye yuko mlangoni ananingojea kutazama macho yangu kabla hajasalimia. Ni kazi nzito kuliko kubeba maji. Ninambebea mwanawe usoni, na sijui yuko wapi.

Mdogo wako,
Joyeuse


Butembo, tarehe 22 Januari 2003

Joyeuse mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na watoto, na mama Kahongya.

Syauswa alirudi jana kutoka Mangina. Alipita mpaka Mabalako, akakaa na watu waliotoka porini, akaongea nao.

Safari hii sikutuma kitu cha kujaribu. Ninakuja mwenyewe Jumamosi. Usipike, nitaleta nyama na bugali ya kutosha wote. Waambie watoto wasiende mbali.

Dada yako,
Berthe


Beni-Bungulu, tarehe 23 Januari 2003

Yaya wangu,

Barua yako imenifikia, na imetukuta wazima. Namrudishia Syauswa hii ikukute kabla hujapanda gari. Aliponipa ya kwako alitazama matairi, hakunitazama mimi, na hakuondoka haraka kama kawaida yake. Nikampa maji ya kunywa. Sikumuuliza kitu, nikaona amenishukuru kwa hilo.

Yaya, wewe hujafunga butike Jumamosi hata siku ulipozaa. Na mfuko wa bluu ulikuja mtupu. Nimeelewa. Usijisumbue njiani kutafuta maneno, nyama yako nitaikula yote kama tulivyokula ile ya mjomba.

Naomba uje na sabuni ya kipande, ile isiyo na harufu, na wembe mpya. Za hapa hazikati vizuri. Usimwache Kamate aninyoe. Ninyoe wewe.

Mama mkwe aliniona nikisoma. Akauliza, "Yaya anasema nini?" Nikamwambia anakuja kututembelea. Alifurahi, yaya. Ameanza kufagia uwanja na kusema mgeni wa mwaka mpya analeta baraka. Nimemwangalia anavyofagia, nikaketi kukuandikia.

Jioni hii nitaoga na ile sabuni ya kijani, imebaki kidogo. Nitatumia maji mengi, kama yule wa kwenye picha. Kesho nitapaka kahawia. Jumamosi asubuhi pia, na mama atanikagua mlangoni, na ataona mwanawe ni mzima, na atakunywa chai yake. Nataka anywe yote. Ukiingia uani utanikuta na macho yangu yamepakwa, usishangae, wala usilie kabla hajala.

Umwambie Syauswa asikimbize gari.

Mdogo wako,
Joyeuse, mke wa Paulin